Nafasi ya Tatu Ina Shoti

Kaseti ililetwa imeviringishwa kwenye leso ya mkononi, kama jino lililong'oka linalosubiri kuonyeshwa kwa mwenyewe. Na aliyeileta alikuwa daktari wa meno kweli: binti mkubwa wa Fundi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye hata Jumamosi, siku yake ya mapumziko, hunukia dawa ya kusukutulia.

"Nimeikuta kwenye kopo la vifungo la Mama," alisema, akaiweka juu ya meza ya kazi ya Fundi pale nyumbani, katikati ya redio mbili zilizopasuliwa tumbo. "Chini kabisa, chini ya zipu."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Hakuhitaji miwani kuitambua. Ile plastiki ya kijivu, kona moja imeyeyuka kwa sababu siku moja iliachwa karibu na pasi. Ile karatasi ya mbele iliyobanduka nusu, ikabaki miguu ya mchimbaji na taa yake, mchimbaji mwenyewe kaenda na maji. Ile ya kengele saba.

Mteja mmoja aliwahi kuleta televisheni na mashine ya gemu vitengenezwe, akasema atarudi kesho. Hiyo kesho ina miaka thelathini na tatu sasa. Fundi alisubiri mwaka mzima, kisha akavibeba vyote nyumbani, "visije vikapigwa na vumbi," na kaseti moja ilikuwa ndani ya mashine. Mchimbaji mdogo mwenye taa kichwani anashuka chini ya mlima kutafuta kengele saba, ili mto uliokauka urudi kijijini. Basi. Nyumba nzima iliingia chini ya ule mlima, wengine hawakutoka.

"Na hiki je?" Binti alikunjua kikaratasi cha njano.

Fundi aliijua karatasi ya aina hiyo. Marehemu mkewe alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na sita, na kule kwenye mtambo kila laini iliyokufa iliandikiwa kikaratasi. Kazi ikamfuata hadi nyumbani. Bomba likivuja, kikaratasi. Mlango ukilia, kikaratasi. Alivibandika kwenye mlango wa friji, na Fundi alipomaliza kazi alitakiwa ajaze chanzo cha hitilafu na kutia sahihi, la sivyo chai yake iliendelea kupoa jikoni. Hiki hakikuwahi kufika kwenye friji. Mwandiko ulikuwa wake, umelala upande kama watu waliopanga foleni kwenye upepo:

Kifaa: kaseti ya kengele.
Hitilafu: haiwaki.
Fundi ameambiwa: bado.
Chanzo:

Chini kulikuwa na tarehe.

"Miaka kumi na tisa, Baba. 'Bado.' Mke wa fundi! Angenyoosha mkono tu kukuamsha, mlikuwa kitanda kimoja. Kwa nini hakukuambia?"

"Alisahau."

"Mama? Mama alikuwa anakumbuka namba za simu za watu waliokwisha kufa."

Fundi alishika bisibisi kubwa kuliko iliyohitajika, akairudisha, akashika nyingine. Alijua kwa nini. Alijua kabisa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika kaseti ile palikuwa na nafasi tatu za kuhifadhi mchezo. Ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ya watoto, ya tatu haikuwa ya mtu. Yeye alikwama kwenye kengele ya tano. Alikwama miezi minane, akatukana mlima ule kwa lugha zote alizozifahamu na mbili alizozitunga. Halafu siku moja alirudi nyumbani saa nne asubuhi kuchukua mita ya kupimia umeme aliyoisahau, akamkuta mkewe, aliyetoka zamu ya usiku, amelala kitini na sare yake ya kazi, pedi ya kuchezea mapajani, viatu vimevuliwa na kupangwa vizuri pembeni. Televisheni ilikuwa inawaka. Kwenye kioo, mto ulikuwa unateremka. Maji ya buluu yaliporomoka ngazi kwa ngazi hadi kijijini, kengele saba zinalia kwa zamu, vijitu vidogo vinaruka ruka. Fundi alisimama mlangoni akatazama hadi mwisho, meno nje. Alichukua mita yake, akatoka kwa ncha za vidole.

Angeishia hapo angekuwa mtu mwingine. Lakini jioni ile kibarazani walikuwapo kinyozi, muuza mkaa na majirani wengine wanne, na mdomo wa Fundi haukuwahi kuwa na breki. "Jamani," alisema, "leo nimemaliza kengele zote." Akawaeleza mto ulivyoshuka. Wakataka kujua kengele ya saba ililindwa na nani. Hakuwa amemwona, lakini akajibu: "Nyoka wa chuma. Vichwa vitatu." Wakasema, tuonyeshe. Akasema haiwezekani, kwani alipomkata nyoka kichwa cha mwisho mashine ilishindwa kustahimili, ikapiga shoti, nafasi ya tatu ikaungua, na atakayeifungua televisheni itamlipukia usoni.

Mkewe alitokea na birika. Alimimina chai, kikombe baada ya kikombe, bila kumwaga tone. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya mtambo, ya "tafadhali subiri, nakuunganisha":

"Nyoka alikuwa na vichwa vingapi, Fundi?"

"Vitatu!"

"Mm," alisema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila walipopata wageni aliuliza, na kila alipouliza vichwa viliongezeka. Kwenye harusi ya binti huyu huyu vilifika tisa, na kimoja kilikuwa kinatema cheche.

Sasa kaseti iko mezani. Ikitengenezwa, ikawaka, nafasi ya tatu itafunguka, na binti yake, ambaye kwa hofu ya mlipuko hakuwahi kuigusa, ataona jina. Miaka thelathini ya nyoka itaisha kwa kubonyeza mara moja.

"Unaweza au huwezi?" binti aliuliza.

"Mtoto wewe! Mimi nimetengeneza redio iliyokuwa imemezwa na ng'ombe. Alikuwa akicheua tunasikia taarifa ya habari."

"Wiki iliyopita alikuwa mbuzi."

"Huyo ni mwingine."

Akafungua skrubu mbili, ganda likaachia, bodi ya kijani ikajitokeza, ndogo kama kiganja. Binti alivuta taa, akatoa mfukoni kioo chake kidogo chenye mpini, kile cha kuchungulia magego, akakipitisha chini ya ukingo wa bodi ambako kuna vile vijino vya shaba vinavyoingia kwenye mashine.

"Ee Mungu wangu. Baba, yameoza yote. Tazama ukijani huu. Haya ni mate."

"Mate?"

"Tulikuwa tunaipuliza! Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Nani anaweza kusahau? Kaseti ikikataa, unaichomoa, unaipuliza, unairudisha, na kila mtu alikuwa na mtindo wake. Fundi alipuliza kama anayewasha jiko la mkaa mbichi. Watoto walipuliza kwa mashindano hadi mate yakaruka. Mama yao alipuliza mara moja tu, kwa adabu, kama anayepoza uji wa mgonjwa, na kila mara ilikuwa inawaka kwake. Wakaamini ana pumzi ya baraka. Ikafika mahali kaseti ikikataa wanampelekea jikoni, naye anafuta mikono kwanza.

"Miaka yote hiyo tunaitemea mate tukidhani tunaitibu," daktari alisema. "Na wewe, fundi mzima, ulikuwa wa kwanza."

"Nilikuwa fundi wa redio. Redio haipulizwi."

Walianza na vijino. Spiriti kwenye pamba, pamba ikatoka kijani. Nyingine, ikatoka kijani. Ya tisa ikatoka nyeupe. Pale kutu ilipong'ang'ania, Fundi alisugua kwa kifutio cha shule, taratibu, mkono ukienda upande mmoja tu. Binti alikagua kila jino kwa kioo na kutikisa kichwa kama anayemwonya mgonjwa kuhusu peremende. Walipoichomeka kwenye mashine ya zamani, na televisheni ya chogo ikaguna na kupata joto, picha ilikuja. Lakini ilikuja imevurugika: mlima umekatwa vipande kama mkate, mchimbaji yuko juu chini, maandishi yote yamekuwa matofali.

"Anaongea na pamba mdomoni," alisema binti.

"Zima! Zima haraka!" Fundi alichomoa mwenyewe. "Ikichanganyikiwa hivyo inaweza kuandika upuuzi juu ya vilivyohifadhiwa."

Alisema hivyo kabla hajafikiri, na baada ya kusema akajishangaa. Si ndicho alichokuwa akikitaka? Upuuzi ukiandikwa juu ya nafasi ya tatu, si ndiyo pona yake?

Akachukua mita, akaiweka kwenye mlio, ule unaolia njia ya umeme ikiwa nzima. Ncha moja kwenye kijino, nyingine kwenye mguu wa aisii kubwa, ile chipu nyeusi ya katikati: pii. Kijino kinachofuata: pii. Pii. Pii. Cha kumi na moja, kimya. Akarudia. Kimya. Akafuata njia yake ya shaba kwa kioo cha kukuzia hadi kwenye kona iliyowahi kuonja pasi, na pale palikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele wa kope. Alikwangua rangi ya kijani pande zote mbili za ufa kwa ncha ya wembe, akachomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa spika za masikioni, akaulaza juu yake kama daraja, akaunyooshea chuma cha moto na tone dogo la risasi ya kuchomelea. Moshi mdogo ukapanda. Ile harufu! Ilikuwa harufu ya ujana wake wote, ya duka lenye redio arobaini zinazoimba nyimbo tofauti, na mwanamke wa sare ya kituo cha simu anayesimama mlangoni saa ya chakula akiuliza kama fundi ameshakula au anakula waya.

Mita ikasema pii.

"Umeona? Tayari!" binti alishangilia.

"Bado kuna hii." Fundi aligusa betri bapa, kubwa kama kifungo cha koti, iliyochomelewa pembeni mwa bodi. "Hii ndiyo inayoshikilia vilivyohifadhiwa mashine ikizimwa. Inatakiwa iwe na volti tatu." Akapima. Mbili na nukta moja. "Inakata roho. Leo, mwezi ujao, haijulikani. Sijui hata imefikaje hapa."

"Ibadilishe basi."

Na hapo ndipo penyewe. "Dakika mbili tu. Naitoa, naweka mpya. Ila," akatazama redio iliyokuwa haina la kumsaidia, "ikitoka, vilivyomo vinafutika. Vyote vitatu. Ndivyo betri zilivyo."

Binti alishika ile leso, akaikunja mara mbili, akaikunjua. "Nilitaka kuona kama kuna chochote cha Mama kilichobaki humo," alisema. "Sijui kwa nini. Nguo zake tumeshagawa. Sauti yake hatukuirekodi, mtu aliyeongea na nusu ya nchi kwa simu, hatuna hata 'halo' yake moja." Akajikaza, akatabasamu nusu. "Lakini kama hakuna njia, hakuna. Toa tu."

Pona yake ilikuwa imekaa mkononi mwake. Dakika mbili, na nyoka angeishi milele na vichwa vyake tisa. Fundi aliinua chuma cha moto. Jicho lake likaangukia kikaratasi. Fundi ameambiwa: bado.

Akamwona mkewe, miaka kumi na tisa nyuma, asubuhi, nyumba tupu, anaichomeka kaseti na haiwaki. Anaipuliza mara moja, kwa adabu. Haiwaki. Mumewe yuko dukani, hatua chache tu, na zana zote duniani. Anaandika kikaratasi, kwa mazoea. Anafika kwenye mstari wa fundi, anawaza jinsi mumewe atakavyoifungua, ataijaribu, itambidi aseme kitu kuhusu ile nafasi yenye shoti. Anaandika "bado." Anazika mchezo wake chini ya zipu ili mume asiaibike mezani.

Fundi akarudisha chuma kwenye kishikio.

"Ipo njia," alisema. "Nilikuwa nakupima. Lakini inataka mikono minne, na miwili kati yake isitetemeke. Ya kwangu siku hizi inacheza ngoma yenyewe."

Alichomelea nyaya mbili nyembamba kwenye njia za betri, moja ya chanya, moja ya hasi, na ncha zake za pili akampa binti azibane kwenye betri mpya kwa vidole. "Wewe sasa ndiye unayemlisha. Nikitoa ya zamani, uhai wote uko mkononi mwako. Ukiachia hata kufumba na kufumbua, tumekwisha."

"Nimewahi kushika taya la mwanajeshi anayelia. Toa."

Fundi alipasha chuma hadi kikawa tayari, kisha akakichomoa kwenye umeme kabla ya kugusa, desturi aliyojifundisha mwenyewe baada ya kuua redio ya kasisi. Umeme ukivuja hata kidogo kupitia chuma, kumbukumbu inakwenda. Kwa hiyo alikuwa na joto la nusu dakika tu. Mguu wa kwanza wa betri ukaachia. Akakichomeka tena, wakasubiri kipate moto, akakichomoa.

"Baba."

"Usiongee."

"Chafya inakuja."

"Imeze!"

"Haimezeki!"

"Imeze, mwanangu! Imeze kwa ajili ya mama yako!"

Binti alifumba macho, uso ukajikunja kama leso, mabega yakapanda hadi masikioni, machozi yakamtoka. Vidole vyake havikusogea hata unywele. Mguu wa pili ukaachia. Betri ya zamani ikaanguka mezani, tik. Fundi akakalisha nyingine mpya, akaichomelea miguu yote miwili, akapima: tatu kamili. "Achia," akasema, na binti akapiga chafya iliyotikisa kabati la bisibisi.

Alipoichomeka kaseti, mkono ukabaki juu ya swichi.

"Kabla sijawasha," alisema bila kumtazama. "Yule nyoka."

"Ana vichwa vingapi leo?"

"Sikumwona. Sikuwahi kufika. Mimi niliishia kengele ya tano."

Aligeuka, akitarajia uso wa hukumu. Binti alikuwa ameuma midomo, mabega yanatikisika, na safari hii si chafya.

"Washa, Baba."

Picha ilikuja safi, kila tofali mahali pake. Fundi akateremka nafasi moja moja, na kila moja ikatoa jina lake. FUNDI, kengele tano. WATOTO, kengele mbili. OPERETA, kengele saba, saa mia tatu na kumi na moja.

Mia tatu! Kesho yake baada ya siku ile ya mto, Fundi alichungulia akaona saa sitini na moja. Kwa hiyo hakuacha. Alimaliza mlima wote, kisha akarudi, asubuhi baada ya asubuhi, miaka nenda miaka rudi, hadi kaseti ilipomkatalia. Fundi alibonyeza nafasi ya tatu. Televisheni haikulipuka. Mchimbaji alikuwa amesimama kijijini, kando ya mto, karibu na kinyumba chenye paa jekundu, taa imezimwa. Hakuwa na safari. Maji yalipita, na yeye alikuwa pale tu.

"Mama alikuwa anakaa tu hapo," alisema binti taratibu. "Nilipougua matumbwitumbwi nilishinda naye. Alikuwa anamleta mchimbaji hapo, anaweka pedi chini, anakunywa chai. Nipe." Akaichukua pedi. Vidole vya daktari vikamteremsha mchimbaji chini ya mlima, njia za mkato ambazo Fundi hakuwahi kuzijua, hadi chumba cha mwisho. "Siku hiyo hiyo alinionyesha na huyu. Akaniambia nikimtaja kwa mtu atanikata ulimi kwa mkasi wa vifungo."

Mlango ulifunguka. Katikati ya chumba, juu ya jiwe, alikaa chura. Chura mmoja, mnene, kichwa kimoja, amelala.

"Huyu?" Fundi aliuliza.

"Huyu."

"Huyu ndiye amenishinda miezi minane?"

"Hukufika kwake, Baba. Wewe ulishindwa na popo."

"Na ninyi mlijua. Miaka yote, na yeye, mkiniuliza vichwa..."

"Kila wageni wakija alikuwa ananikonyeza kutoka mlango wa jikoni. Tulikuwa tunaweka dau. Siku ya harusi yangu mimi nilisema saba, yeye akasema tisa." Binti alijifuta macho kwa ile leso. "Alikuwa anasema chura anaweza kumwona wakati wowote, lakini nyoka yuko kwako tu."

Fundi alivuta kile kikaratasi cha njano, akatafuta kalamu katikati ya nyaya, akakata neno "bado" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake tarehe ya leo. Kwenye mstari wa chanzo akaandika, kwa herufi kubwa za fundi: "MUME." Akatia sahihi, akaenda jikoni, akakibandika kwenye friji.

Aliporudi binti alikuwa amemrudisha mchimbaji kwenye kinyumba chake kando ya mto, na amehifadhi.

"Sasa nipishe," alisema Fundi, akivuta kiti. "Fungua nafasi ya kwanza. Yule popo nina kesi naye."

Popo alimmaliza baada ya sekunde kumi na nne.

"Hiyo pedi ina hitilafu," alisema.

"Mm," alisema binti yake.